Mimi na Nyar Mbita Tulivyotafuta Programu ya Bure

Nilirudi kuwa mwanafunzi wakati mjukuu wangu wa kwanza ameshaanza kutembea. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha hesabu na Kiswahili kwa miaka mingi katika shule ya msingi nje kidogo ya mji wa Migori, na sikuwa na shida na mtu. Kisha walimu wadogo kwangu, wengine niliowafundisha mwenyewe, wakaanza kupandishwa vyeo kwa sababu ya digrii, nami nikaona afadhali nikaitafute yangu kuliko kukaa katika ofisi ya walimu nimenuna. Kulikuwa na kampasi Homa Bay iliyofundisha walimu wakati wa likizo. Shule zikifungwa, watoto wanakwenda nyumbani kupumzika, na mimi nafunga begi nakwenda kuwa mtoto wa shule.

Huko ndiko nilikokutana na Nyar Mbita. Kwetu ni Sori, nikaolewa Migori, kwa hiyo yeye aliniita Nyar Sori na mimi nikamwita Nyar Mbita, maana kwa Wajaluo mwanamke huitwa binti wa alikozaliwa hata akiolewa wapi. Alikuwa mwalimu pia, wa umri wangu, mrefu, mwenye sauti ya kunyamazisha paredi nzima ya wanafunzi bila kipaza sauti. Siku ya kwanza alikaa kiti cha mbele, akageuka, akawatazama vijana waliokuwa wakipiga kelele nyuma, nao wakatulia kama maji mtungini. Mhadhiri akaingia akadhani wamemnyamazia yeye.

Mwaka wa mwisho kila mtu alitakiwa kufanya utafiti. Nyar Mbita alichagua watoto wanaochelewa shule, jambo alilokuwa akilifanyia utafiti kwa fimbo tangu zamani, zile siku fimbo ilikuwa bado inaruhusiwa. Mimi nilichagua wanawake wanaouza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Sori. Nilitembea ufuoni na hojaji zangu nikiwauliza wanaanikia wapi, mvua ikinyesha wanafanyaje, wana watoto wangapi na wangapi wanasoma. Wengi walinijua tangu utotoni, kwa hiyo kabla ya kujibu swali la kwanza waliniuliza wao maswali kumi.

Sote wawili tulipewa msimamizi mmoja, kijana mpole mwenye miwani ambaye kila mtu alimwita Daktari. Tulipompelekea hojaji zetu zikiwa zimejaa begi zima, alizipima kwa macho akasema, "Vizuri sana. Sasa mtaziingiza kwa kompyuta. Kuna programu ya takwimu."

Akalitaja jina lake. Lilikuwa ni herufi tu, kama jina la chanjo ya ng'ombe.

"Kalkuleta haiwezi?" nikauliza. Mimi na kalkuleta yangu tulikuwa tumetoka mbali.

"Jopo la kuwatahini litakataa," akasema Daktari, akatazama saa yake, akaenda darasani.

Nilirudi Migori wikendi hiyo nikamweleza mume wangu. Yeye alikuwa amestaafu kutoka ofisi ya kilimo na sasa alifuga kuku, na alikuwa amekaa nje akitengeneza chombo cha maji ya vifaranga.

"Baba, nahitaji programu," nikamwambia.

"Ya nani?"

"Ya chuo."

Akaweka koleo chini. "Nani amefariki?"

Ikanibidi nieleze. Kwetu huku programu ni ile karatasi yenye picha ya marehemu na orodha ya watu watakaozungumza, na mtu akikwambia anahitaji programu unatafuta kofia yako. Alipoelewa kwamba hakuna msiba alikaa tena, akaniomba nimwonyeshe bei kwenye simu. Ilikuwa kwa dola, na ilikuwa ya mwaka mmoja tu. Mwaka ukiisha unalipa tena.

"Kwa bei hii," akasema, "inafaa ije na mtu wa kuiendesha. Na jioni awe anakata majani."

Nilikwenda mjini kwa mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kompyuta tano ambazo mbili zilikuwa za kuwekea vikombe. Nilipomtajia zile herufi hakushtuka hata kidogo.

"Madam, usisumbuke. Hiyo kitu niko nayo."

"Ni halali?"

"Inafanya kazi," akasema.

Mimi ni mwalimu. Siku zote naona mwanafunzi akijibu swali ambalo hakuulizwa. Siku hiyo sikuona.

Aliitia kwenye flashi yangu, akafungua laptopu yangu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuzima ile antivirusi niliyowekewa dukani. "Hii ina wivu," akaniambia. "Ikiona programu ingine inaingia inaleta fujo." Kisha akabonyeza hapa na pale, dirisha jeusi likapita haraka kama paka, na programu ikafunguka. Maandishi yake yote yalikuwa ya lugha ambayo sijawahi kuiona, yenye herufi zilizopinduka.

"Hii ni lugha gani?"

"Utazoea, madam," akasema.

Nilikuwa bado sijazoea siku mwalimu mkuu aliponiomba mtihani wa hesabu wa Gredi ya Nne. Nilimpa flashi ileile, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo. Ofisini kwake walikuwamo wageni wawili wa bodi ya shule, mmoja wao mchungaji, na mwalimu mkuu alitaka kuwaonyesha kwamba siku hizi mitihani yetu inakaa kwenye kompyuta. Akaichomeka. Akabonyeza mahali palipoandikwa "Mtihani wa Hesabu". Skrini ikajaa gurudumu la rangi linalozunguka, pesa zikaanza kudondoka kutoka juu, na msichana aliyevaa nguo kidogo sana akatokea pembeni akitukonyeza. Kulikuwa na muziki pia. Mwalimu mkuu alitafuta mahali pa kupunguzia sauti akaiongeza.

Mchungaji alisogeza kiti karibu akatazama kwa makini, kama mtu anayetaka kuelewa.

"Huu ndio mtaala mpya?" akauliza.

Mwalimu mkuu akachomoa waya ukutani.

Faili zangu zote zilikuwa zimegeuka. Mtihani, mipango ya somo, sura mbili za kwanza za utafiti, ukibonyeza chochote unaletewa gurudumu. Kompyuta ya shule nayo ikaambukizwa, na fundi aliyeitwa kuisafisha alikuwa mtu wa kusimulia, kwa hiyo kufikia Ijumaa hadithi ilikuwa imeshavuka mto. Mwalimu mkuu hakunigombeza. Alisema tu kwamba kwa sasa angependa mitihani yangu niiandike kwa mkono.

Nilimpigia Nyar Mbita. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, na kwake hilo ni tukio.

"Nyar Sori," akasema, "umechukua kitu cha wizi, sasa unalia kimekuibia."

"Wewe umepata wapi?"

"Bado. Lakini nimesoma tovuti yao yote. Kuna punguzo kubwa la wanafunzi. Na mimi na wewe ni nini?"

"Mimi na wewe ni wanafunzi," akajijibu mwenyewe. "Basi watupe haki yetu."

Masharti yake hayakuonekana mengi. Uwe na imeili ya chuo, uwe na kitambulisho cha mwanafunzi, na uthibitishe kwamba wewe ndiwe huyo mwenye kitambulisho. Likizo ya Agosti ilipofika tulikwenda pamoja, mimi na yeye, hadi ofisi ya kompyuta pale kampasi. Tulikuwa tumevaa vizuri. Hilo nadhani ndilo lililotuponza.

"Karibuni wazazi," akasema kijana wa ofisi, akainuka kutupa viti. "Mtoto yuko mwaka wa ngapi?"

"Wa nne," akasema Nyar Mbita.

"Na amepotelewa na nenosiri?"

"Hajapewa bado imeili."

"Basi mwambieni aje mwenyewe. Hatuwezi kumpa mzazi, ni siri ya mwanafunzi."

"Amekuja mwenyewe," akasema Nyar Mbita, akaweka kitambulisho chake mezani, na kuketi. Yule kijana alikisoma, akamtazama, akakisoma tena upande wa nyuma kana kwamba huko kungekuwa na maelezo zaidi. Kisha akaomba radhi mara nyingi, akatutengenezea imeili haraka haraka. Kwa haraka hiyo akakosea jina la Nyar Mbita kwa herufi moja. Alipoonyeshwa, alisema kulibadilisha ni lazima barua ipite makao makuu, na makao makuu hujibu kwa wakati wao.

"Mama, ni imeili tu," akamwambia. "Si cheti."

Nyar Mbita akakubali. Sijui kwa nini alikubali, kwa kuwa ni mtu ambaye amewahi kurudisha risiti dukani kwa sababu ya nukta.

Wikendi hiyo nikiwa nyumbani nilianza kujaza fomu yao kwenye simu. Sehemu ya mwaka wa kuzaliwa hukuandika, uliletewa orodha ya miaka ushuke nayo kwa kidole mpaka ufike kwako. Orodha ilianzia kwa miaka ya watoto niliokuwa nawafundisha kuandika majina yao. Nikashuka. Nikapita wahadhiri wangu. Nikampita Daktari. Nikapita mwaka niliomaliza sekondari, na bado nikawa nashuka, mpaka kidole kikashika joto. Nilipofika kwangu hapakuwa na miaka mingi iliyobaki chini yangu.

Baada ya hapo walitaka picha ya kitambulisho, halafu simu yenyewe inifanyie ukaguzi wa uso. Iliandika kwamba nahitaji mahali penye mwanga wa kutosha. Ndani ya nyumba yetu mwanga wa mchana unaingia kwa upande mmoja tu, kwa hiyo nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikashika simu mbele yangu, nikaanza kutii. Geuza kichwa kushoto. Geuza kulia. Inua kidevu. Tabasamu. Kuku walikuja wakasimama, wakidhani nimewaletea kitu.

Mume wangu alitokea na ndoo ya chakula chao. Alisimama kando ya banda akanitazama nikitabasamu peke yangu.

"Mwalimu, unaongea na nani?"

"Na kampuni."

"Wanataka nini?"

"Nigeuke tena kushoto."

Akafikiri. "Mimi nilitoa mahari yako yote," akasema, "na sikukugeuzageuza hivyo."

Simu ikajibu kwamba uso wangu haulingani na wa kwenye kitambulisho. Nilikichukua nikakitazama, nikaona si kosa lao. Siku ya kupigwa ile picha nilikuwa nimevaa wigi, na mpiga picha alibonyeza wakati napepesa macho, kwa hiyo kitambulisho changu kilimwonyesha mwanamke wa nywele ndefu anayesinzia. Nilikwenda ndani nikatafuta wigi. Niliipata chini ya sanduku imelala vibaya, nikaikung'uta, nikaivaa, nikarudi bandani. Kuku wakatawanyika.

Nikafumba macho nusu kama nilivyofumba kwenye picha. Simu ikaandika: fungua macho. Nikayafungua. Uso haulingani. Nikayafumba kidogo tu. Fungua macho. Mume wangu, aliyekuwa amesahau kulisha kuku, alisema labda mkono wangu unatikisika, akajitolea kunishikia simu. Alipoinama kuona kama imekaa sawa, ikapiga mlio na kuandika kwamba nyuso mbili zimeonekana, na kwamba kwa usalama wangu imefunga zoezi, nijaribu wakati mwingine.

"Imeniona mimi?" akauliza.

"Imekuona."

"Imesema niko sawa?"

Nilivua wigi nikaingia jikoni.

Jumatatu nilimkuta Nyar Mbita kwenye ngazi za maktaba, mahali ambapo intaneti ya chuo ilifika vizuri na vijana wote walikaa hapo wameinamisha vichwa. Alikuwa wima peke yake katikati yao, amevaa miwani ya kusomea, anaandika kwa kidole kimoja. Ombi lake nalo lilikuwa limekwama, na tovuti ilimwambia aongee na mhudumu kwa maandishi.

"Nimeshamsalimia," akaniambia. "Nimemwuliza hali ya nyumbani. Tazama alivyonijibu."

Nilitazama. Chini ya salamu yake ndefu ya Kiingereza kizuri, pameandikwa: Samahani, sijaelewa. Chagua moja kati ya haya: bei, leseni, au mengineyo.

"Labda si mtu," nikamwambia. "Siku hizi wanaweka mashine."

"Mashine hufundishwa na watu. Kwa nini hawakuifundisha salamu?"

Akaisalimia tena, safari hii kwa ufupi, kama unavyompa nafasi mtoto aliyekosea. Ikamjibu vilevile. Mara ya tatu aliiandikia kwamba nidhamu huanza na jinsi unavyompokea mgeni. Ikamwambia haijaelewa. Kijana mmoja aliyekaa ngazi ya chini alikuwa ameinama zaidi kuliko wenzake, na mabega yake yanatikisika. Mwishowe nilimshauri abonyeze "mengineyo", na baada ya kusubiri kidogo akaja mtu kweli, kwa maana alianza kwa kushukuru kwa uvumilivu wetu. Akasema ameona tatizo. Jina lililo kwenye imeili si sawa na lililo kwenye kitambulisho. Akauliza kwa upole: Je, wewe ni mzazi wa mwanafunzi huyu?

Nyar Mbita alivua miwani. Alizima simu, akaifunga ndani ya leso, akaitia katika mkoba, akafunga zipu ya mkoba.

"Inuka," akaniambia. "Twende kwa Daktari."

Daktari alikuwa ofisini na laptopu yake wazi. Kwenye skrini kulikuwa na michoro ya minara yenye rangi, ileile aina ya michoro tuliyoambiwa itoke kwenye utafiti wetu. Alitukaribisha, akatuuliza tumefika wapi.

"Hatujafika," akasema Nyar Mbita. "Tunataka kujua wewe mwenyewe leseni ulipata vipi. Ulipigwa picha?"

Daktari alisimama akaenda kuufunga mlango. Aliporudi alikaa, akasogeza karatasi ambazo hazikuhitaji kusogezwa.

"Mimi situmii hiyo," akasema.

Tukamngoja.

"Nilikuwa nayo nikisoma. Chuo kile kililipia. Nilipomaliza ikajifunga. Hii hapa ni ingine, ya bure. Imetengenezwa na watu wa vyuo mbalimbali, wakaiacha wazi, mtu yeyote achukue. Inafanya yote yale."

"Ya bure kabisa?" nikauliza. "Bila majaribio ya mwezi mmoja?"

"Kabisa."

"Bila kitambulisho?"

"Hawaulizi kitu."

Nyar Mbita alikuwa bado amesimama. Sasa alivuta kiti akakaa, polepole, kama mtu anayepanga maneno. "Na ulituambia tutafute ile ingine."

"Ndiyo iliyoandikwa kwenye mwongozo wa kozi," akasema Daktari. Kisha akashusha sauti. "Na tena, ukienda kwenye kongamano wakuulize umetumia nini, ukisema ya bure wanakutazama kama umekuja na viatu vya kuazima. Nikaona nisiwaharibie."

"Daktari," akasema Nyar Mbita, "huyu mwenzangu amevaa wigi nyuma ya banda la kuku, akafumba macho nusu, ili kampuni imtambue."

Daktari akanitazama. "Alifumba kwa nini?"

Ikanibidi nitoe kitambulisho changu nimwonyeshe. Alikishika karibu na miwani, halafu akaivua miwani yenyewe, akaiweka mezani, akafunika uso kwa mikono miwili. Tulidhani amehuzunika. Alipofunua, machozi yalikuwa yakimtoka kwa kucheka. Nyar Mbita alijaribu kumkazia macho kama alivyowakazia wale vijana wa nyuma, akashindwa, akaanza yeye pia, na cheko lake ni la paredi. Katibu aligonga mlango kuuliza kama kuna shida.

Alipotulia, Daktari alituomba radhi. Alituita mama zake, akasema kweli ilimpasa atuambie mapema. Kisha, kama mtu anayelipa faini, akaanza kutoa siri zake zote. Programu yake ya kuandikia ilikuwa ya bure. Ile ya kupanga marejeo ya vitabu, ya bure. Kulikuwa na nyingine za kampuni kubwa ambazo mwanafunzi hupewa bila malipo kwa imeili ya chuo peke yake, bila mambo ya uso, na mkutubi pale chini alikuwa anazijua zote, ila hakuna aliyewahi kumwuliza. Alisema kabla ya kulipia chochote, na kabla ya kwenda saiba, tuulize kwanza maktaba. Nyar Mbita akamwambia angalau jambo hilo liandikwe kwenye mwongozo wa kozi. Daktari akasema ataliandika. Na aliliandika, niliuona mwongozo wa waliotufuata.

Tuliishusha ile programu kutoka mtandaoni tukiwa kwenye ngazi zilezile, na ilimaliza kushuka kabla sijamaliza mandazi yangu. Ilipofunguka ilikuwa ya Kiingereza cha kawaida. Haikuniuliza nimezaliwa lini. Haikutaka kuniona. Nakiri kwamba niliishuku kwa sababu hiyo, nikamwambia Nyar Mbita aanze yeye kwanza kwenye laptopu yake, nione.

Kuijua ndiyo ilikuwa kazi. Mkutubi alituonyesha siku mbili tatu, na mengine tulijifunza kwa kukosea. Nyumbani Migori mume wangu alikubali kunisomea hojaji kwa sauti huku mimi naandika. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu wa ofisi ya kilimo anayetangaza mbolea, lakini hakupenda kurukia ukurasa mwingine bila kutoa maoni. "Huyu anasema anaanika kwenye mchanga," angesema. "Mwambie anunue nyavu." Nikamwambia hatuwezi kumwambia, sisi tunahesabu tu.

Tulipomaliza nilibonyeza, minara ikapanda, na chini yake yakatokea majibu. Programu ilisema kwamba mwanamke wa kawaida anayeuza omena Sori ana watoto arobaini na wawili.

Mume wangu aliinama akasoma mwenyewe.

"Hizo omena zina nguvu," akasema.

Nilikuwa nimeandika umri mahali pa watoto, na watoto mahali pa umri. Kwa hesabu hiyo wanawake wa Sori walikuwa na miaka mitano. Nilirudia kazi yote, na nilipopata majibu ya pili niliyaangalia kwa kalkuleta yangu pembeni, moja baada ya jingine, mpaka nikaamini.

Siku ya kutetea utafiti nilisimama mbele ya watu watatu wa jopo. Walikuwa wazuri. Waliuliza juu ya mvua, juu ya nyavu, juu ya wasichana wanaoacha shule msimu wa omena ukiwa mzuri, na hayo niliyajua. Kisha mwenyekiti, mama mmoja mkali aliyejulikana kampasi nzima, akafunua ukurasa wa michoro.

"Hii umetumia programu gani?"

Nikaitaja. Nikamtazama Daktari aliyekaa pembeni. Alikuwa anasoma dari. Nikaongeza, "Ni ya bure."

Yule mama akatazama minara yangu, akageuza ukurasa, akatazama mingine. Akachukua kalamu.

"Inapatikana wapi?" akauliza, na kalamu ikangoja.

Nilimwambia. Aliandika, akaniuliza kama inafanya kazi kwenye kompyuta ya zamani. Nikamwambia yangu ni ya zamani. Tulizungumza juu ya hilo hadi Daktari akakohoa kukumbusha muda. Nilipita, na masahihisho. Masahihisho yenyewe yalikuwa juu ya nafasi za pembeni mwa karatasi na mkato niliousahau kwenye ukurasa wa shukrani.

Nyar Mbita aliingia baada yangu. Nilikaa nje nikimsikia kupitia ukutani, na kwa jinsi nilivyosikia, ni jopo lililokuwa likijitetea. Alitoka amepita, viatu mkononi, akasema visigino vimemwua na njaa itammalizia.

Tulishuka hadi kwenye hoteli moja karibu na maji, tukaagiza samaki mmoja mkubwa na ugali wa mtama. Ziwa lilikuwa limetulia na watu wawili walikuwa wanaosha pikipiki ukingoni. Nilikuwa nafikiria kwenda nyumbani kulala, na asubuhi kuamka bila kuwa mwanafunzi wa mtu yeyote.

"Nyar Sori," akasema, akichambua kichwa cha samaki. "Nimeona shahada ya pili wanafundisha hapahapa. Likizo pia."

"Kula samaki wako."

"Nakula. Nakwambia tu."

"Mimi sirudi. Nenda wewe utaniambia."

"Sawa," akasema, na akala kweli, kwa muda. Kisha akanawa mkono mmoja, akavaa miwani, akatoa simu, akaanza kunisomea mahitaji ya kujiunga, moja moja, kwa sauti ambayo meza zote ziliisikia. Alipofika la tatu nilimwambia arudie la pili, sikuwa nimelisikia vizuri.